Kumtumaini Mungu Wakati wa Dhiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakristo wa Unguja na Pemba

Haya ndiyo maswali yanayoletwa zaidi kwa wanaotembelea wagonjwa, wafiwa na waliokwama kimaisha visiwani. Tumeyaacha yalivyoulizwa, hata yale yenye ukali. Maneno ya Biblia tunayonukuu ni ya Union Version ya 1952, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wengi.

Kumtumaini Mungu ni kufanya nini hasa? Nikae tu nikisubiri?

Mithali 3:5 inatumia maneno mawili: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Kutumaini ni kumwekea mtu moyo wako kwa jambo ambalo bado hujaliona. Kutegemea ni kumwegemea kwa uzito wako wote, kama mgonjwa anavyoegemea bega la anayemwinua kitandani. Hakuna kati ya hayo mawili lililo na maana ya kukaa bure. Jirani yako Mwislamu atakwambia "tawakali", na mvuvi anayetawakali kwanza huangalia upepo, akakagua tanga na ngalawa yake, ndipo akaisukuma majini.

Ukitaka kuliona jambo hili likitendeka, soma Matendo 27. Watu 276 wako chomboni, dhoruba inawapiga mpaka usiku wa kumi na nne. Paulo ameshaambiwa na malaika kwamba hakuna atakayekufa. Hata hivyo mabaharia wanapima maji: pima ishirini, mbele kidogo pima kumi na tano. Wanatupa nanga nne za tezi. Baadhi yao wanashusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka, na Paulo anawafichua. Kisha anawasihi wote wale chakula, yeye mwenyewe akianza. Mwisho chombo kinavunjika na watu wanafika pwani, wengine juu ya mbao. Mtu aliyezoea safari ya Mkoani hahitaji kufafanuliwa sura hii. Ahadi ilikuwapo, na bado bildi ya kupimia kina ilishushwa. Na ahadi yenyewe ilikuwa ya watu, haikuwa ya chombo. Hilo mara nyingi tunalisahau tunapoomba.

Je, ni dhambi kumlalamikia Mungu?

Hapana. Karibu theluthi moja ya Zaburi 150 ni maombolezo na malalamiko. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na katika mbili za mwanzo neno "hata lini" limo mara nne. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Dhambi ambayo Biblia inaikemea ni ile ya kunung'unika pembeni, watu wakimsema Mungu bila kusema naye.

Kama hujui pa kuanzia, andika. Chukua daftari, jipe dakika ishirini, na ufuate mpangilio ambao zaburi nyingi za aina hii zinao. Mwite Mungu kwa jina na ukumbuke jambo moja alilokutendea. Eleza kinachokuuma, kwa undani, na tarehe na kiasi kama vipo. Omba kitu mahususi. Taja sababu ya kumtumaini. Malizia kwa utakalofanya akikuvusha. Kwa mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara, yaweza kuwa hivi:

"Ee Bwana, mwaka jana ulitulisha kwa kazi hii hii. Sasa ni wiki ya sita sijalipwa. Mwenye nyumba alipita jana, leo kapita tena, na mimi nikajifungia ndani kama mwizi. Hata lini? Nipe kodi ya mwezi huu, na unipe ulimi wa kusema naye bila kumdanganya. Naikumbuka siku mtoto alipolazwa tukatoka naye mzima. Nikivuka hapa nitasimama kanisani niseme."

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Wengi huruka sehemu ya malalamiko haraka haraka kwa kuona haya, sala ikabaki maneno matamu yasiyogusa kidonda. Wengine hujilazimisha kumalizia kwa shangwe ambayo hawana. Zaburi ya 88 haimalizii kwa shangwe; neno lake la mwisho ni gizani. Na imo katika Biblia. Siku ambayo huna sehemu ya tano, iache wazi, andika tarehe, rudi kesho.

Nimeshindwa kuomba kabisa. Nikifumba macho najikuta nalia au nasinzia.

Basi kula, ulale. Katika 1 Wafalme 19 nabii Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Ni baada ya milo miwili na usingizi ndipo akaweza kutembea siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko mazungumzo yalikofanyika.

Kwa wiki mbili za kwanza usijipangie saa nzima ya maombi. Utashindwa siku ya tatu na utaongeza hatia juu ya uchovu. Chukua sentensi moja, kama ile ya baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", uifunge kwenye mambo unayoyafanya kila siku: unapowasha moto wa chai, unapopanda daladala, unapozima taa. Ukipanga chumba ambacho ukuta wake hauzuii sauti, omba kwa kunong'ona au kwa kuandika. Hakuna mahali Biblia inaposema Mungu anasikia zaidi kelele. Ukikosa hata sentensi hiyo, Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kulia kwako hakujapotea. Na umwombe mtu mmoja akuombee kwa jina, kila siku, kwa mwezi mmoja. Mtu mmoja anayetimiza ana faida kuliko kikundi cha simu chenye watu mia wanaoandika "Amina" na kupita.

Haya yamenipata kwa sababu ya dhambi zangu?

Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo hivyo juu ya kipofu katika Yohana 9, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Katika Luka 13 anawataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wenzao, anajibu "Sivyo". Na rafiki za Ayubu, waliotumia sura nyingi kumthibitishia kwamba lazima kuna alilokosa, ndio waliokemewa na Mungu mwishoni (Ayubu 42:7).

Tenganisha adhabu na matokeo. Anayeendesha bodaboda amelewa akavunjika mguu amepata matokeo ya kitendo chake, na toba ipo. Lakini mama aliyepoteza mimba, mtoto aliyezaliwa na selimundu, mkulima ambaye mvua ya ghafla imemlowesha karafuu zilizokuwa juani: kuwatafutia dhambi ni ukatili, hata ukivaa sauti ya unabii.

Si Biblia inasema Mungu hatupi mzigo tusioweza kuubeba?

Haisemi. 1 Wakorintho 10:13 inazungumzia kujaribiwa kutenda dhambi, kwamba mlango wa kutokea utakuwapo. Kuhusu mizigo, Paulo anaandika waziwazi: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Aliyelemewa kuliko nguvu zake hajapungukiwa imani. Anahitaji mtu wa kushika upande wa pili wa mzigo.

Na Yeremia 29:11? Mimi naishi kwa mstari huo.

Uendelee nao, ila uusome pamoja na jirani zake. Ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 10, moja tu kabla yake, inataja miaka 70. Wengi walioisikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa hukohuko. Na aya ya 5 hadi ya 7 inawaambia la kufanya wakati wakingoja: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, uombeeni amani mji mnaoishi. Kwa Mkristo aliyetoka bara akaja visiwani kwa kazi na bado anahesabu siku za kurudi, sehemu hii ya barua huenda inamhusu kuliko aya anayoibandika ukutani.

Hoteli imefunga kwa msimu wa masika na sina akiba. Imani inanisaidiaje kulipa kodi?

Imani haitalipa kodi kwa niaba yako. Itakuondolea aibu na uongo, vitu viwili vinavyofanya deni dogo liwe kubwa.

Masika huanza Machi na kuisha Mei, na hoteli nyingi za pwani hupunguza watu au kufunga Aprili na Mei. Ni jambo linalojulikana mapema, kama mkulima wa karafuu anavyojua kwamba mikarafuu haizai sawa kila mwaka, na kama kina mama wa mwani wanavyojua kwamba maji yakipata joto sana mwani hunyauka na kukatika kambani kabla wiki sita za kuvuna hazijatimia. Yusufu alipotafsiri ndoto ya Farao alishauri kuweka sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba mizuri (Mwanzo 41:34). Moja ya tano ni shilingi 20 katika kila 100. Watu wachache wa mshahara mdogo wanaiweza hiyo, lakini hata 5 katika kila 100, ikianza Julai wageni wanapojaa, itakukuta Aprili na unga ndani.

Kama mwezi umeshafika na hukuweka, fanya hivi. Keti na mwenzi wako, au na mtu mmoja unayemwamini, muandike madeni yote kwenye karatasi moja. Yote, pamoja na lile la duka la chini ulilokuwa ukilificha. Tangulizeni chakula na dawa, kisha kodi, kisha mahitaji ya skuli, kisha madeni mengine. Mwone mwenye nyumba kabla ya tarehe, usingoje akutafute. Mpe kiasi chochote ulichonacho na siku unayoweza kuitimiza. Usikope kikoba kimoja ili kulipa kingine, maana riba mbili zitakula mkono mmoja. Kisha umwambie mchungaji, padri au kiongozi wa jumuiya. Makanisa mengi yana mfuko wa wahitaji ambao haujulikani kwa sababu wenye shida huona haya kuuliza. Uliza kwa kiasi: "Nina upungufu wa mchele wa wiki mbili" hujibiwa upesi kuliko "Niombeeni, hali ni ngumu."

Sala ya kipindi hiki imo katika Baba Yetu, na inaomba riziki ya leo tu. Mathayo 6:34: "Yatosha kwa siku maovu yake." Asiyelala kwa hesabu aziandike saa mbili usiku, afunge daftari, asilifungue mpaka asubuhi. Habakuki naye, aya za mwisho za sura ya 3, anaorodhesha hasara shamba kwa shamba: mtini, mizabibu, mzeituni, zizi. Hafichi hata moja. Halafu anasema "Walakini nitamfurahia BWANA." Soma kwa kuweka mali zako mahali pa zake: karafuu, mwani, zamu ya hotelini, ngalawa.

Nitoe fungu la kumi wakati huu?

2 Wakorintho 8:12 inapima sadaka kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Usikope ili utoe. Na yeyote anayekuahidi kwamba ukipanda "mbegu" ya kiasi fulani deni litafutika kwa siku kadhaa, anafanya biashara, na mtaji ni wewe.

Nimeombewa, nikaambiwa niache dawa ili nioneshe imani.

Usiache. Hili hatulizungushi maneno. Matibabu ya kifua kikuu ya kawaida huchukua miezi 6. Ukikatisha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimetulia, vimelea vilivyobaki huwa sugu na ugonjwa hurudi mgumu zaidi. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi humezwa kila siku, maisha yote. Dawa ya presha ikiachwa ghafla, kiharusi hakitoi taarifa. Ya kifafa ikiachwa, mtu anaweza kuanguka jikoni juu ya moto au kisimani.

Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Wakatoliki na Waanglikana wanayo ibada ya mpako wa wagonjwa kwa msingi huo. Hakuna neno hapo kuhusu kuacha dawa, na Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo (1 Timotheo 5:23), jambo lililokuwa tiba ya siku zile. Ukiamini umepona, nenda ukapimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara. Daktari ndiye atakayekupunguzia au kukuachisha dawa.

Nifunge siku ngapi?

Anayeanza, mlo mmoja: ruka cha asubuhi, kunywa maji, vunja mchana. Kwa joto la huku, la Januari na Februari hasa, kukaa kutwa nzima bila maji huku ukifanya kazi juani huleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Funga chakula, maji unywe. Asifunge chakula kabisa mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, anayemeza dawa zinazotaka chakula, wala aliyepungua uzito kwa huzuni. Hao wafunge kitu kingine: simu baada ya saa moja usiku, au soda. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita asifunge. Mwili wake umeshafunga wenyewe.

Jirani anayenipenda ananishauri ninywe kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), au niende kwa mganga. Nikikataa ataona namdharau.

Tenganisha upendo wake na ushauri wake. Pokea wa kwanza. Mwambie, "Ahsante bibi, najua unanitakia heri. Sisi katika dini yetu tunaombewa kanisani, ila ukiniletea uji nitaushukuru." Visiwani watu wameishi nyumba kwa nyumba, wa dini hii na ile, miaka mingi, na jibu la adabu halivunji ujirani. Kinachouvunja ni kumhutubia mtu mzima barazani kwake. Mganga ni jambo jingine: Mkristo haendi, na sababu ya kiutendaji ni kwamba mara nyingi mgonjwa hutoka akiwa na jina la jirani wa kumshuku. Ugonjwa unabaki, ujirani umekufa.

Tukienda kwenye msiba tuseme nini?

Machache. Pwani tayari tunayo salamu: "Makiwa," na wafiwa hujibu "Tunayo." Inatosha. Rafiki za Ayubu walifanya vyema siku saba, walipokaa chini pamoja naye bila neno. Waliharibu walipofungua midomo. Usiseme "Mungu alimpenda zaidi", maana mtoto wa marehemu anakusikia na atajiuliza kama Mungu humuua kila anayempenda. Usiseme "usilie": Yesu alilia akielekea kaburini kwa Lazaro, muda mfupi kabla ya kumfufua (Yohana 11:35). "Baada ya dhiki faraja" ni methali nzuri, lakini si ya siku ya kwanza.

Mikono izungumze. Kilo mbili za mchele, sukari, majani ya chai, mkaa wa siku mbili, sabuni ya kufulia. Mmoja asimamie simu, mmoja amtaarifu sheha (kiongozi wa serikali mtaani) mapema kwa ajili ya taratibu za mazishi, mmoja awapeleke watoto skuli wiki ile. Ikiwa ni Ramadhani, pikeni ndani mchana, na mjue majirani Waislamu watamiminika baada ya futari, wengi wao na sahani mkononi. Tengeni mkeka na chai saa hizo.

Kinachokosewa zaidi ni ratiba. Siku tatu za kwanza nyumba haina pa kukanyaga, siku ya kumi haina mtu. Andika kwenye simu yako tarehe tano: siku ya kumi, ya arobaini, mwezi wa tatu, siku ya kuzaliwa ya marehemu, na mwaka. Ukitokea siku hizo na mkate wa mchele, umefanya zaidi ya hotuba ya makaburini.

Ndugu yetu alipotea baharini, mwili haukuonekana. Tunaombolezaje bila kaburi?

Swali hili huulizwa na familia za wavuvi, na liliulizwa na wengi, wa dini zote, baada ya MV Spice Islander kuzama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe. Bila mwili, moyo hubaki mlangoni ukisubiri mtu aingie. Ibada ya kumbukumbu inaweza kufanyika bila jeneza. Chagueni tarehe mkiwa mmekubaliana wote, mama yake akiwa wa kwanza kuulizwa, wekeni picha au nguo yake, jina lake litajwe kamili, somo liwe Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Wanaoona unafuu kwenda ufukweni na waende. Asiyetaka kuiona bahari kwa mwaka mzima asilazimishwe, na asiitwe dhaifu.

Tumzike huku au tumsafirishe bara?

Ufufuo hautegemei kivuko. Ibrahimu alipofiwa na Sara ugenini alinunua shamba la kuzikia hukohuko, Makpela, kwa shekeli 400 (Mwanzo 23), na hakulaumiwa. Kusafirisha si vibaya kama uwezo upo. Kukopa kwa ajili ya usafiri wa maiti na kuwaacha wajane na yatima wakilipa mwaka mzima, hapo tungeshauri kikao kirudiwe.

Nitajuaje huzuni yangu imekuwa ugonjwa?

Ukipita wiki mbili huli au hulali, hufurahii chochote, huwezi kufanya kazi za kawaida, au unajiona huna maana na uchungu haupungui hata kwa saa moja, nenda hospitali. Kwa Unguja ipo hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu. Jina lake limefanywa kejeli mitaani na kejeli hiyo imewachelewesha wengi. Kwa Pemba anzia hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, uombe kuonana na wa afya ya akili. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni kamba, dawa za panya na vidonge, mkae naye, mumpeleke asubuhi au usiku huohuo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo. Mkesha wa maombi usichukue nafasi ya safari hiyo, ombeni njiani.

Sisi ni wachache hapa. Nikiogopa, ni kukosa imani?

Hofu si kosa. Watu wanakumbuka Februari 17, 2013, Padri Evarist Mushi alipopigwa risasi na kuuawa Unguja, Jumapili, akienda kuadhimisha Misa. Waislamu wengi walihuzunika pamoja na Wakristo, na kusahau hilo ni kutowatendea haki. Zaburi 23:4 haisemi bonde halipo; inasema "Wewe upo pamoja nami". Ukitishwa, mwambie kiongozi wako wa kanisa, sheha na polisi, andika siku na maneno yaliyosemwa, wala usijibu mitandaoni.

Nimeomba miaka, sijajibiwa. Niendelee?

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akajibiwa "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8-9). Mwiba ukabaki. Yesu Gethsemane aliomba mara tatu maneno yaleyale, na kikombe hakikuondolewa. Waebrania 11 husomwa mpaka aya ya 34, penye waliofunga vinywa vya simba. Endelea mpaka ya 38, utawakuta waliopigwa mawe na kukatwa kwa misumeno. Wote wameshuhudiwa kwa imani yao, walioponyoka na wasioponyoka.

Kwa hiyo ndiyo, endelea, ila unaweza kubadili namna. Kila baada ya miezi mitatu pitia daftari lako: lipi limejibiwa usilitambue, lipi umekuwa ukiliomba kwa mazoea tu, lipi bado linachoma. Linalochoma libaki. Kuna watu wanaoomba mtoto miaka kumi, na kwa hao hatuna jibu la haraka, tunaloweza ni kutowauliza "vipi, bado?" kila Jumapili.

Naweza kupumzika kwenda kanisani? Nyimbo za furaha zinaniumiza.

Jaribu kwanza njia ya kati. Nenda ibada ya mapema isiyo na kwaya kubwa, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, na umwambie mhudumu mmoja tu kwamba huenda ukatoka katikati. Si lazima uimbe. Wenzako wataimba kwa zamu yako. Ukishindwa hata hivyo, omba Komunyo uletewe nyumbani, au waje watu wawili siku ya kazi, saa kumi jioni, na zaburi moja. Waambie kabisa wasikae zaidi ya nusu saa.